Anti, raba nilizomnunulia baba ndo zinamwangusha?

Shikamoo Anti,

Mi ni dada wa miaka 38, naishi Moshi mjini huku Soweto, nina kaduka kangu ka vipodozi, wazazi wako Machame. Baba ana miaka 71, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa miaka mingi tu. Ana ugonjwa wa Parkinson, huu wa kutetemeka, huu ni mwaka wa tatu tangu daktari atuambie. Anatumia dawa ya levodopa mara tatu kwa siku, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku. Mkono haumtetemeki sana siku hizi, kinachotusumbua ni miguu.

Iko hivi Anti. Baba alikuwa na viatu vyake vya ngozi vya kanisani, vyeusi, soli ya ngozi, anavipenda mno anavipiga kiwi mwenyewe kila Jumamosi. Sasa mwaka jana akateleza mara mbili kwenye marumaru pale kanisani, mama akanipigia simu analia. Mi nikasema hapana, nikaenda Memorial nikazunguka siku nzima kwenye mitumba nikampatia raba nzito, soli nene ya mpira yenye meno makubwa kama ya buti, elfu 35. Na kwa sababu miguu yake jioni inavimba nikachukua namba 44, namba ya kaka yangu, ili apumue vizuri. Baba anavaa 42.

Kumbe ndo nimeharibu. Tangu avae zile raba hateleziki kweli, ila anaanguka kwa mbele, yaani anatembea anatembea halafu ghafla kama mtu amemshika mguu, anaenda puu. Kilichoniuma zaidi ni mnada wa mavuno, alinunua kuku, watu wakampigia makofi, ile anaenda mbele kulipa hela akajikwaa hapo hapo mahali pasipo na kitu chochote, sakafu tupu, akadondoka na kuku akakimbia. Watoto wakacheka. Tangu siku hiyo kanisani haendi, anasema redio inatosha. Na raba amezisukumia chini ya kitanda, anashinda na ndala tu, mi nikija namgombeza, na yeye ananiangalia tu hanijibu, unajua uso wao ule ukishakuwa hauonyeshi kitu hujui kama amekasirika au vipi.

La pili, alfajiri kama saa kumi na moja vidole vya mguu wa kushoto vinajikunja chini vyenyewe, kama mtu anayetaka kuokota kitu kwa mguu, na kidole gumba saa nyingine kinasimama juu. Anaumia mpaka anauma shuka. Mama anavivuta kwa nguvu kuvinyoosha, baba anapiga kelele. Kufika saa mbili asubuhi imeisha, kama hakuna kilichotokea.

La tatu ndo limenifanya niandike. Wiki iliyopita nikaona damu kwenye soksi. Nikamwomba anionyeshe mguu akakataa, akasema hawezi kumtolea binti yake miguu. Mama akanionyesha kwa siri akiwa amelala. Kucha ni ndefu zimejipinda, moja imeingia kwenye nyama, juu ya vidole viwili kuna sugu, na kidole kidogo kina kidonda. Kumbe alikuwa anajikata mwenyewe na wembe, na mikono ile Anti!

Kaka yangu yupo Dar, anasema huo ni uzee tu, tumnunulie kiti cha magurudumu akae atulie, hela atatuma. Mama anasema baba akikaa kwenye kile kiti ndo basi tena. Jirani naye kaleta majani sijui ya upupu, anasema yanatibu kutetemeka.

Nisaidie Anti, nimnunulie kiatu gani? Na huo mguu nani aushike?

Binti wa Mwalimu, Machame

*

Marahaba mwanangu, pole sana, na mpe mwalimu pole zangu, na huyo kuku natumaini alipatikana.

Nianze na raba kwa sababu najua ndo zinakunyima usingizi. Ndiyo, zinachangia. Usijilaumu lakini, karibu kila familia niliyoiona ikiuguza mtu wa Parkinson imefanya hivyo hivyo, mzee kateleza, basi mtafutieni kitu kinachoshika chini kama tairi la trekta. Mimi mwenyewe nilivyokuwa bado nafanya kazi wodini niliwahi kumwambia mama mmoja amnunulie mumewe viatu vya namna hiyo, na baada ya wiki mbili huyo mume akaletwa na jeraha la kipaji cha uso. Nilijifunza kwa aibu.

Angalia unavyotembea wewe. Unanyanyua mguu, ncha ya vidole inapanda juu kidogo, kisigino kinatua kwanza, halafu unyayo unafuata. Mtu wa Parkinson ubongo wake umepungukiwa na dopamini, ile kemikali inayofanya mwendo uwe laini bila kuufikiria, kwa hiyo mguu haupandi inavyotakiwa, unaburuzika, unatua wote kwa pamoja au vidole ndo vinatangulia. Sasa mguu unaoburuzika ukiuvalisha soli nene ya mpira inayong'ang'ania chini, kiatu kinabaki, mwili unaenda. Ndo hilo puu unaloliona kwenye sakafu tupu. Na yule daktari wa London aliyeuandikia ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1817, James Parkinson mwenyewe, aliliona hili hili, kwamba wagonjwa wanainama mbele na mwendo unageuka kuwa kama wa kukimbia wakati wao hawataki kukimbia. Baba yako akiwa kwenye ule mteremko wa Machame ndo kabisa, mwili umeshatangulia, miguu inaufukuza kwa vihatua vidogo vidogo.

Kama huniamini kageuze vile viatu vyake vya ngozi uangalie chini. Kama soli imelika zaidi mbele kwenye vidole kuliko kisigino, basi huo ndo mwendo wake. Halafu kaa kibarazani ufumbe macho umsikilize akipita, kama unasikia kssh kssh badala ya ko ko, umepata jibu.

Hata hivyo usirudi kwenye soli ya ngozi, ile ilishamwangusha mara mbili kwenye marumaru. Unachotafuta kipo katikati: soli ya mpira lakini nyembamba, ngumu kiasi, yenye mistari midogo sio meno, ambayo ukiisukuma kwenye marumaru kavu inasita kidogo halafu inakubali. Soli nene laini kama godoro mtu anaona raha dukani ila miguu yake inashindwa kuisikia ardhi, na mtu ambaye mizani ya mwili imeyumba anahitaji kuisikia ardhi kuliko raha. Kisigino kiwe kipana, kifupi, kisizidi sentimita 3 hivi. Ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino iwe ngumu, ibonyeze kwa kidole gumba, ikilala kama karatasi kiache hapo hapo. Mbele kuwe na nafasi pana na kimo, vile vidole vyenye sugu havitakiwi kuguswa juu. Kiwe chepesi, maana mguu uliochoka kunyanyuka usiupe mzigo. Na kifungwe juu ya mguu, kwa kamba au kile cha kubandika kinachonata, usimchukulie cha kuchomeka tu kwa sababu ili kisivuke inabidi akunje vidole kukikamata, na vidole vyake vinajikunja vya kutosha tayari.

Kwa hiyo ndala, hapana. Ndala, malapa, yeboyebo, katambuga, vyote vinakaa mguuni kwa nguvu ya vidole, na katambuga pamoja na sifa zake zote ni kipande cha tairi, kizito na kinang'ang'ania kuliko hata raba zako. Najua mwalimu anazipenda ndala kwa sababu anazivaa bila kuomba msaada wa mtu, hilo ndo la maana hapo na sio ukaidi. Mkono ambao haukubali kufunga kamba unamfanya mtu mzima aliyefundisha nusu ya kijiji aonekane mtoto. Ukimtafutia kiatu anachoweza kukivaa peke yake ndala atazisahau mwenyewe. Vile vya kunata vinamfaa, au nenda kwa fundi viatu atoe kamba aweke lastiki nyeusi zinazofanana na kamba, zinafungwa mara moja tu, halafu mguu unaingia na kutoka huku zenyewe zikivutika. Kile kijiko cha kuvalia viatu kitafute chenye mpini mrefu, au fundi seremala akuchongee, asiiname. Na avae akiwa amekaa kwenye kiti chenye mikono, sio kwenye ukingo wa kitanda, na asubuhi asubiri dawa ya saa moja ianze kufanya kazi ndo aanze habari za soksi na viatu. Kumvalisha mtu wa Parkinson dawa ikiwa imekata ni kugombana na mlango uliofungwa.

Namba 44 sasa. Hapo mwanangu ulikosea, kiatu kikubwa kinamfanya aburuze zaidi na mguu unateleza ndani, ndo hicho kidonda cha kidole kidogo mi nahisi kimetokea hapo. Miguu inayovimba jioni haihitaji kiatu kirefu, inahitaji kipana. Fanya hivi, siku utakayopanda Machame nenda mchana mchana au jioni miguu ikiwa imeshavimba, mwambie asimame juu ya boksi gumu akiwa na soksi, mchore miguu yote miwili, yote, maana mara nyingi hailingani, kalamu iwe wima usiilaze. Kata hizo nyayo za boksi uende nazo sokoni. Ukiona kiatu itumbukize ndani, ikijikunja pembeni kiatu ni chembamba hata kama namba inasoma 42. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, basi, isizidi. Mguu mkubwa ndo unachagua namba, ule mdogo utawekewa soli ya ndani. Memorial utapata tu, mitumba mizuri ya ngozi laini ipo, ila kagua kama soli ya huyo mzungu aliyekivaa kwanza haijalika upande mmoja, maana utakuwa unamrithisha baba yako mwendo wa mtu mwingine.

Na vile viatu vyeusi anavyovipiga kiwi usivitupe jamani! Mpelekee fundi, mwambie aondoe ile ngozi ya chini apige soli nyembamba ya mpira isiyo na meno, visigino abadilishe kama vimelika, na kama mbele bado panamkwama, kipande kidogo cha ngozi kwenye ncha tu ya soli kinasaidia vidole kupita bila kunasa huku nyuma kukibaki kunashika. Viatu vyote viwili vifanane. Akivijaribu mara ya kwanza avijaribu ndani, mtu akiwa pembeni yake, sio aanze navyo kwenye tope la mwezi wa nne. Mwalimu atarudi kanisani na viatu vyake vile vile na hakuna atakayejua kilichobadilika chini.

Kuhusu vidole vya alfajiri. Hiyo inaitwa distonia, misuli inajikaza yenyewe, na saa yake inakwambia kila kitu: dawa ya mwisho anameza saa moja usiku, mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa kumi, imeshakwisha mwilini. Ndo maana akimeza ya saa moja asubuhi, saa mbili imetulia. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili, inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, amemeza dawa saa ngapi, amekula saa ngapi, halafu mpelekee daktari wake hilo daftari. Kuna mipango ya dawa kwa ajili ya tatizo hili hili, ila ni yeye wa kupanga, msimwongezee wala kumpunguzia wenyewe hata nusu kidonge. Muulize pia habari ya chakula, levodopa mara nyingi inafanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hivi kabla ya kula, maana nyama, maziwa na maharage mengi vinaweza kuizuia isiingie vizuri. Na mama aache kuvivuta. Mwambie avikande na kitambaa cha uvuguvugu, asugue kigimbi taratibu kutoka chini kwenda juu, na baba akiweza kukaa, akanyage unyayo wote chini, mguu uwe bapa, asukume kisigino sakafuni kidogo kidogo. Asikurupuke kwenda chooni vidole vikiwa vimekunjwa. Kopo la haja ndogo pembeni ya kitanda kwa saa ile sio aibu, aibu ni nyonga kuvunjika saa kumi na moja alfajiri.

Kidonda sasa, hilo halisubiri kiatu kipya. Kioshe na maji safi na sabuni, kausha, funika na bandeji safi, asivae kile kiatu tena, na wiki hii hii aonwe kituo cha afya au hospitali. Ukiona wekundu unapanda, usaha, harufu, mguu kuwa wa moto, usingoje wiki, nenda siku hiyo. Waombe wampime na sukari, maana Parkinson na kisukari vinaweza kukaa nyumba moja na kidonda kidogo cha mwenye sukari ni habari nyingine kabisa. Ile kucha iliyoingia kwenye nyama msiifukue nyumbani, wataishughulikia huko huko. Na kuhusu kuvimba, miguu yote miwili ikivimba jioni ikapungua asubuhi mara nyingi ni kukaa sana, anyanyue miguu akikaa, atembeetembee, na kama anatumia amantadini au pramipeksoli mwambie daktari kwa sababu dawa hizo zinaweza kuvimbisha miguu. Ila mguu mmoja tu ukivimba ghafla, unauma, una joto, hospitali siku hiyo hiyo, huo unaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa.

Sugu, nakuomba kwa mikono miwili, wembe hapana. Mi nikiwa nesi mdogo nilimkata mgonjwa sugu nikijiona fundi, kile kidonda kilitusumbua yeye na mimi wiki nyingi. Sugu ni mwili unajikinga na kiatu kinachobana, ukibadilisha kiatu yenyewe inaanza kulainika, unaisugua kidogo na jiwe la kuogea baada ya miguu kulowana, sio kila siku, kidogo tu, unapaka mafuta ya mgando. Magaga ya kisigino hivyo hivyo. Katikati ya vidole usipake mafuta, hapo kunatakiwa kukavu, fangasi wanapapenda pakiwa na unyevu.

Na nani aushike mguu. Hili swali nimelisoma mara tatu, nikamkumbuka marehemu baba yangu ambaye hadi anakufa sikuwahi kuuona mguu wake bila soksi. Mwalimu wala hakuchukii, anaona haya, na ana haki ya kuona haya. Msimvamie akiwa amelala tena, hilo mama amefanya kwa upendo ila yeye akijua atafunga hata mlango. Mi ningeanza na mama kwenye kuosha, yeye ni mkewe, beseni la maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, dakika kumi tu, kausha vizuri kidole kwa kidole. Kucha apewe mjukuu. Una mtoto wa kiume au kaka yako anaye? Kijana wa miaka 14, 15 hivi anayemheshimu babu yake, nyie wengine mkae mbali, waachiwe kibaraza na redio. Wazee wengi wanaomkatalia mtoto wanamkubalia mjukuu, sijui kwa nini ila nimeliona mara nyingi. Mfundishe mjukuu kwanza: kikata kucha sio wembe, baada ya kuosha zikiwa laini, anakata moja kwa moja bila kuzungusha kona, anaacha ukingo mweupe kidogo, ncha anazisugua zisichome. Afanye dawa ikiwa inafanya kazi, mguu usiwe unarukaruka. Kila siku mama akimvua soksi aangalie juu, chini na katikati ya vidole, dakika moja. Soksi ziwe za pamba, rangi nyeupe au ya mwanga ili damu ionekane mapema kama ulivyoiona wewe, zisiwe na lastiki inayoacha alama kwenye mguu. Na asitembee na soksi tupu kwenye marumaru, afadhali peku.

Kaka wa Dar mwambie hivi. Huko huko wilayani kwenu Hai watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba, 2005 na 2006, eneo lenye watu zaidi ya 161,000, wakakuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Unadhani walikuwa wanaambiwa nini nyumbani? Uzee tu. Hiyo hela ya kiti cha magurudumu aitume, ila itumike kwa nauli na fiziotherapia, yale mazoezi ya viungo. Nendeni hospitali ya KCMC hapo Moshi, waombe rufaa ya fiziotherapia, watamfundisha kutembea upya: kisigino kwanza, hatua ndefu, kuhesabu moja mbili kwa sauti, kugeuka kwa duara pana kama lori linalokata kona na sio kujizungusha papo hapo. Pale pale KCMC kuna TATCOT, chuo cha tangu 1981 kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia miguu, kwa hiyo kama kile kidole gumba kinachosimama juu kitaendelea kupigana na kila kiatu, waulize fiziotherapia kama mafundi wa huko wanaweza kumsaidia. Siku atakayohitaji kiti cha magurudumu mtajua, na mama atakuwa wa kwanza kusema. Bado.

Akigandia mlangoni, miguu ikakataa kama imepigwa misumari, msimvute mkono. Asimame, apumue, ahamishe uzito kulia kushoto, halafu aambiwe "ruka mstari". Wekeni kipande cha selotepu ya rangi pale kizingitini, cha kulala chini kabisa kisije kikawa kingine cha kujikwaa, utashangaa mtu aliyeshindwa kupiga hatua kwenye sakafu tupu anavyouvuka mstari bila shida. Vizulia na mikeka ya kuteleza ondoeni.

Upupu mrudishie jirani na asante. Na ujue hajaota, mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ndo maana naogopa: baba ameshapimiwa kiasi chake, mkimwongezea kingine ambacho hakuna aliyekipima mtamletea kuchezacheza kwa mwili, kizunguzungu na presha kushuka, halafu aanguke tena mkalaumu viatu.

Zile raba za elfu 35 usizitupe wala usimwonyeshe tena mwalimu. Umesema 44 ni namba ya kaka yako. Mwekee, masika akija kumwona baba yake atapata cha kukanyagia tope.

Anti